Pesa na Penzi: Kamera gani itawalisha, na nani aichague?

Katika safu yetu kila mwezi tunayaongelea yale mambo mawili yanayolala kitanda kimoja bila kuzoeana, yaani penzi na pesa.

Mwezi huu tunaongea kuhusu kamera. Najua wapo watakaosema, "Dada leo kapotea njia, kaingia safu ya mafundi." Wala sijapotea. Kati ya barua nilizopata karibuni ipo moja kutoka Tarime ambayo imenikaa rohoni, nami nikaona niijibu hapa hapa ili na wengine wafaidike. Maana leo ni kamera, kesho kwako itakuwa cherehani, pikipiki au mashine ya kusaga.

Mwandishi wa barua ni dada wa miaka 31, ana mume na watoto wawili. Yeye na mumewe wanaendesha biashara ya video. Mume anashuti, mke anaediti usiku watoto wakishalala. Kazi zao zinawapeleka Tarime mjini, Sirari mpakani, Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, na mara moja moja upande wa pili, Mugumu, wilaya ya Serengeti. Kamera yao ni Canon 600D waliyoinunua ikiwa imeshatumika. Sasa wameuza ng'ombe watatu, wakapata milioni 3. Mke akaongezea mkopo wa kikoba wa milioni 2, kwa jina lake, ambao atarudisha milioni 2 na laki 2 ndani ya miezi 6. Jumla wana milioni 5 mkononi.

Ugomvi ukaanzia hapo. Mume anataka kamera moja kubwa, zile za ful-fremu, na hela yote iishie kwenye mwili wa kamera na lenzi moja. Mke hataki. Naomba nikupe maneno yao kama alivyoyaandika:

"Nilimwambia, Baba, sauti je? Betri je? Akanijibu, Mama, hayo yatakuja yenyewe, wewe acha woga wa kike. Tangu siku ile tunaongea mambo ya watoto na chumvi tu. Hela iko ndani ya sanduku, na kikoba kinahesabu wiki."

Wanawake wenzangu, hapo kwenye "kikoba kinahesabu wiki" mmenielewa bila kuongeza neno.

Kidonda kilichofichwa

Barua ingeishia hapo ningeijibu kwa mistari kumi. Ila ukurasa wa mwisho ameandika jambo ambalo nadhani ndilo chanzo cha yote.

Mwaka jana walishuti harusi moja. Baba wa bibi harusi akasimama kumuusia binti yake, mzee anaongea taratibu, ukumbi mzima kimya. Ile 600D ikaacha kurekodi yenyewe. Mume hakugundua, maana alikuwa ameigeukia meza ya wazazi. Alipokuja kuiwasha tena mzee alikuwa anakaa. Miezi miwili baadaye yule mzee akafariki. Binti akaja kuomba kipande cha baba yake akiongea. Dada yetu alikesha siku 2 akitafuta, akapata sekunde 40. Binti akazipokea, akasema "hamna shida dada," akaondoka zake. Hajagomba wala hajadai hata shilingi.

"Afadhali angetutukana," ameandika.

Nikampigia mumewe, kwa ruhusa ya mke. Ni kijana mstaarabu, alianza na shikamoo. Kwenye mambo ya kamera aliongea kwa furaha kabisa. Lakini nilipoigusa ile harusi akasema, "Dada, ile kazi naomba tusiiongelee." Basi nikajua. Hawa watu wawili hawapingani. Wote wanaikimbia aibu moja, ila kila mmoja kashika njia yake. Mke anatafuta kamera isiyokatika. Mume anatafuta kamera ambayo akiingia nayo ukumbini hakuna atakayemcheka tena. Aliniambia hivi: "Nikienda Nyamongo na kakamera kadogo watu wananiuliza mpiga video anakuja saa ngapi."

Msimcheke. Wateja wetu kweli wanaangalia umbo la kamera kabla ya kazi. Tuliozoea harusi za enzi za kanda za VHS tunaikumbuka ile mashine begani, na mpiga video aliheshimiwa kama mgeni rasmi. Kwa hiyo haja yake ni ya kweli, na ya mke ni ya kweli pia. Tuone hela inasemaje.

Anzeni na daftari kabla ya duka

Dada huyu ana tabia nzuri, anaandika kila kazi. Mwaka jana walipata kazi 26. Kati ya hizo, 17 ni harusi na sendi-ofu, 5 mahafali ya shule, 3 harambee na shughuli za kanisa, na 1 mazishi. Ukilitazama daftari hilo vizuri, limeshachagua kamera. Hizi ni kazi ndefu, saa 6 mpaka 8, nyingi ni za hotuba, nyingine ziko ndani ya ukumbi wenye giza na taa za rangi. Hakuna tangazo la biashara, hakuna filamu.

Sasa, kwa nini ile 600D ilikatika? Sikiliza vizuri, maana hili linawatesa wengi bila kujua. Ilitoka mwaka 2011 kama kamera ya picha za mnato iliyoongezewa video. Kila faili lake la video halivuki ukubwa wa GB 4, na kwa ubora wa juu hiyo ni kama dakika 12. Zikiisha inaacha, mpaka ubonyeze tena. Kamera nyingi za picha zilizofuata ziliwekewa mpaka wa dakika 29 na sekunde 59, sababu kubwa ikiwa ushuru wa Ulaya, ambako kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 na zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Zipo mpya zisizo na mpaka huo, kwa mfano Panasonic GH5 ya mwaka 2017. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: "Hii inarekodi muda gani bila kukatika, na ikipata joto inajizima?" Muuzaji akibabaika, iwasheni hapo hapo, muiache irekodi saa nzima huku mnakunywa soda.

Aina mbili mtakazokutana nazo

Aina ya kwanza ni kamkoda, kamera ya video halisi. Lenzi yake haitoki, ina zumu ndefu, betri kubwa, matundu ya maiki nene za XLR, na inarekodi mpaka kadi ijae. Mfano ni Sony HXR-NX100 ya mwaka 2015. Zumu yake ni mara 12, ina nafasi mbili za kadi, na unaweza kurekodi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine ipo. Kwa umbo ni kubwa, ina mpini wa juu. Huyo wa Nyamongo hatauliza tena mpiga video yuko wapi.

Aina ya pili ni kamera ya picha inayochukua video, zile za kubadilisha lenzi. Humu ndimo ilimo ile ful-fremu. Uzuri wake ni sensa, lile jicho la ndani linalopokea mwanga. Sensa ya ful-fremu ina milimita 36 kwa 24. Ya kamkoda niliyoitaja, ile wanayoiita ya inchi moja, ina milimita 13.2 kwa 8.8. Ukipiga hesabu ya eneo, ful-fremu ni kubwa zaidi ya mara 7. Ndiyo maana inaona vizuri gizani, na inamtoa bibi harusi mbele huku nyuma kukiwa na ukungu mzuri. Baba, hapo nakupa haki yako, hujakosea.

Lakini lenzi nzuri za ful-fremu zinaweza kuuzwa bei ya kamera yenyewe. Ukimaliza milioni 5 kwenye mwili na lenzi moja ya kawaida, ile sensa kubwa inashiba nini? Lenzi nyingi za kawaida zinazokuja na kamera, ukivuta zumu, tundu lao linabaki f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara 4 ya huo. Lenzi ndogo ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni kati ya zile za bei ya chini kabisa, inapitisha karibu mara 10. Na hiyo lenzi ndogo inaingia kwenye ile 600D mliyonayo!

Nadhani mmeanza kuona ninapoelekea.

Sauti ndiyo inayolia

Muulize mtu yeyote aliyefiwa anataka kusikia nini kwenye video ya marehemu. Picha ikiwa na chenga kidogo atavumilia. Sauti ikiwa ya mwangwi, imechanganyika na spika ya DJ na watoto wanaokimbia, hakuna kitakachobaki cha kutunza. Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye 4K, tengeni hela ya sauti. Pateni maiki ndogo ya kubana kwenye koti la bwana harusi au joho la mchungaji, maiki ya kushika ya MC iingie moja kwa moja kwenye kamera, na kirekodi kidogo pembeni cha akiba. Ukishuti mzee anapiga litungu, maiki iliyo juu ya kamera mita 10 kutoka kwake itakuletea makofi ya watu na vumbi la miguu, litungu lenyewe utalisikia kwa mbali kama la jirani.

Na hiyo 4K ambayo kila mtu anaitaja, ina nukta mara 4 ya zile za 1080. Kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Ya 1080 kwa megabiti 50 inakula GB 22 na nusu. Harusi ya saa 8 ni GB 180 hata kabla hujaihifadhi mara ya pili. Kompyuta ya huyu dada ina umri wa mtoto wa darasa la tatu. Mkimpelekea 4K atakesha anaangalia kale kamduara kanavyozunguka, na wewe Baba utamkuta asubuhi na macho mekundu halafu ushangae kwa nini chai haina sukari.

Mambo madogo yanayoua kazi

Kwanza, umeme. Wetu ni wa hezi 50, hivyo wekeni kamera kwenye fremu 25 au 50, na shata 1/50, la sivyo taa za ukumbini zitacheza-cheza kwenye picha. Kamera inayoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuja imepangwa kwa fremu 30 na 60, ulizeni kama inabadilika. Na zipo za kutoka Japani ambazo menyu yake ni ya Kijapani tu. Bei inavutia, ila utabonyeza kwa kubahatisha mpaka uzeeke.

Pili, betri. Kamera nyingi ndogo zina betri ndogo. Sony ZV-E10 ya mwaka 2021, kamera nzuri tu, inatumia betri ya mAh 1020, na hiyo ni saa moja na kidogo ya kurekodi. Sherehe ya saa 8 inataka betri ngapi? Piga hesabu mwenyewe. Na umeme ukikatika saa mbili usiku, jenereta la ukumbi halitakusubiri uchaji.

Tatu, vumbi. Ukipanda bodaboda kwenda harusi vijijini kiangazi unafika ukiwa na rangi ya barabara. Kubadilisha lenzi hapo nje ni kulialika vumbi likae kwenye sensa. Kamkoda haina shida hiyo kwa kuwa haifunguki.

Nne, kumbukumbu. Kila kazi iwe kwenye hadi diski mbili, na moja isilale nyumba moja na nyenzake. Harusi ya mdogo wangu ilipigwa vizuri kabisa, halafu kompyuta ya mpiga video ikaibwa kabla ya kuedit. Leo tunasimuliana kwa mdomo.

Baba na ndoto ya Serengeti

Kwenye simu mume aliniambia na hili: anataka siku moja ashuti nyumbu wakivuka mto Mara kule Kogatende. "Wazungu wanakuja kutoka mbali, sisi tuko hapa Mara tunashuti keki." Nikacheka, lakini ana hoja. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Ujerumani na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakatengeneza filamu ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael mwenyewe hakuiona ikikamilika. Ndege ilianguka Januari 1959 baada ya kugongana na tai, akazikwa Ngorongoro. Hugo van Lawick naye aliishi miaka na miaka kambini Ndutu akifuata simba na mbwa mwitu kwa kamera. Watu hao walitoa maisha yao, wala haikuwa kazi ya Jumamosi moja.

Tena kazi ya wanyama ni biashara nyingine kabisa. Inataka lenzi ndefu, gari, na siku nyingi za kusubiri. Kushuti kibiashara ndani ya hifadhi kunahitaji kibali na malipo ya TANAPA, na filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria namba 4 ya mwaka 1976. Droni nayo ina utaratibu wake wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hairuki hifadhini bila ruhusa. Ndoto hiyo iandikwe kwenye daftari, ifunguliwe mfuko wake, ila isilipwe kwa mkopo wa kikoba wa mama watoto.

Na kama unataka filamu yenye maana isiyohitaji simba, ipo pale pale Mugumu. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Giselle Portenier inayoitwa "In the Name of Your Daughter", kuhusu wasichana waliokimbia kukeketwa wakapokelewa kwenye nyumba salama ya Rhobi Samwelly. Wilaya ile ile, barabara zile zile mnazozijua.

Kazi ya kukataa

Hapo naomba niseme jambo moja waziwazi. Ukifika msimu wa tohara mwezi wa 12, wapiga video wa Tarime na Serengeti wanapata kazi kibao. Vijana wa kiume wanashangiliwa, ngoma, vumbi, ng'ombe wanachinjwa, ni sherehe nzuri na ni haki yenu kuishuti. Lakini mkiitwa kwa ajili ya msichana, kataeni. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, na kifungo kinaweza kufika miaka 15. Kamera yako itakuwa ushahidi, na wewe utaulizwa ulikuwa unasherehekea nini. Mbali na sheria, wewe una binti. Hela hiyo utamnunulia sare ya shule kweli?

Risiti iandikwe jina la nani?

Haya, tumefika kwenye penzi lenyewe. Ng'ombe ni wa nyumba, mkopo una jina la mke, anayeshuti ni mume, anayeediti ni mke. Risiti itaandikwa jina la nani?

Wengi wetu tunaona aibu kuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haioni aibu. Inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa ni ya huyo mpaka ithibitishwe vingine, na ikiwa kwa majina ya wote wawili itachukuliwa wana hisa sawa. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Sembuse anayekesha akiediti! Kwa hiyo majina mawili kwenye risiti. Asiyependa wazo hilo aeleze kwa nini, mchana, akiwa ameshiba.

Simsemi mume wa barua hii, sina sababu. Nasema kwa ajili ya wale ambao kamera imeondoka nyumbani na begi la nguo, mke akabaki anakatwa marejesho kila wiki.

Hesabu yangu kwenu

Katika milioni 5, ushauri wangu ni huu. Kamkoda iliyotumika lakini nzima, isizidi milioni 3. Maiki, stendi imara, betri, kadi, taa mbili ndogo za LED na ile lenzi ya milimita 50 kwa ajili ya 600D, milioni 1. Hadi diski mbili, laki 4. Laki 6 zinazobaki zikae kama akiba ya matengenezo na wiki ambazo kazi hakuna.

Kamkoda isimame kwenye stendi ikirekodi tangu sala ya kufungua mpaka ya kufunga. Mume ashike 600D na lenzi yake mpya, apite akichukua macho, pete, machozi, mikono ya mama mzazi. Vipande vya sekunde 10 havijui habari ya dakika 12. Ule ukungu wa nyuma anaoupenda ataupata. Mteja tajiri akitaka ful-fremu, wakodishe ya siku moja, gharama iingie kwenye bei yake.

Wanasema harusi moja inawapa laki 3 na nusu. Wakitoa msaidizi, nauli na vitu vidogo vidogo inabaki laki 2 na nusu. Kurudisha milioni 2 na laki 2 ni harusi 9. Kwa kazi 2 kwa mwezi, miezi 6 ni kazi 12, hivyo deni linaisha na laki 8 inabaki. Lakini angalieni kalenda! Kwaresima harusi nyingi za makanisa zinasimama. Mkichukua mkopo Januari mtaingia kwenye ukame na marejesho mkononi. Kwa upande mwingine, Mara ina Wasabato wengi, na harusi zao mara nyingi huwa Jumapili, wakati wengine wanafanya Jumamosi. Mkijipanga, wikiendi moja inaweza kuwa na kazi mbili.

Mkienda kununua, iwe Mwanza, Dar au Nairobi, nendeni wote wawili. Mume aangalie picha, mke avae spika za masikioni asikilize sauti. Jaribuni zumu, matundu yote, kadi zote mbili. Angalieni lenzi kwa tochi kama ina ukungu au fangasi. Mkivukia Sirari, karatasi za dukani ziwe mkononi na ushuru ulipwe, kwa sababu kamera iliyoingia kwa kificho haiwezi hata kuripotiwa polisi ikiibwa.

Neno la mwisho ni kwako, kaka wa Tarime. Yule binti aliyeondoka na sekunde 40 hakukudharau, alikuwa na msiba. Kinachokuuma ni kwamba ulimheshimu yule mzee na ukamkosa. Mwambie hivyo mkeo. Hajakuuliza kwa sababu anaogopa kukuumiza, na wewe hujasema kwa sababu unaogopa kuonekana dhaifu, matokeo yake mnagombana kuhusu lenzi. Ongeeni kwanza habari ya yule mzee, halafu ndipo mfungue sanduku la hela.

Na wewe dada, akishakuambia, usimjibu kwa "si nilikuambia." Mpikie, mkae, mshike daftari lenu.

Kama na wewe una jambo la penzi na pesa linalokukosesha usingizi, niandikie, jina lako nitalificha. Mpaka mwezi ujao, Mungu akitujalia, nakutakia amani ndani ya nyumba na baraka kwenye kazi ya mikono yako.